Nyumba Penye Nduma

Nauza vitabu vilivyokwisha kusomwa, karibu na soko la Voi, upande ambao vumbi la malori hufika kabla ya wateja. Vingi ni vya shule. Mwalimu mmoja aliyekuwa akihamia kwao aliniachia katoni nzima ya vijitabu vyembamba, vyote vya watu wanaoanza: jinsi ya kuelewa majengo, jinsi ya kuelewa ubunifu wa vitu, falsafa ni nini, namna ya kusoma vitabu vya dini. Vilikuwa na picha nzuri na maandishi makubwa. Wanafunzi walivishika, wakauliza kama vitatoka kwenye mtihani, wakavirudisha. Basi nikavisoma mimi.

Niseme mapema kwamba shule niliiacha kidato cha pili. Kiingereza nakisoma na kidole chini ya mstari, na neno likinishinda naliruka, nikitumaini yaliyo mbele yatalieleza. Kwa hiyo nikisema kitabu kilisema hivi, inawezekana kilisema vingine kidogo. Nimejaribu kuandika hapa yale tu ambayo niliyarudia mpaka nikaona hayabadiliki.

Kile cha majengo ndicho kilichonikamata. Kilisema usianze na paa wala rangi. Anza na ardhi, uliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Halafu fuata uzito, unashukaje kutoka juu mpaka chini. Halafu tazama milango, kwa sababu ukuta unaweza kunyamaza muda mrefu lakini mlango husema mapema. Ukurasa wa mbele kulikuwa na onyo kwamba kukisoma hakumfanyi mtu kuwa mhandisi. Onyo hilo niliona maneno ya kawaida tu ya vitabu, nikalipita.

Nilianza kuyasoma majengo ya Kaloleni, mtaa wa Voi ninakopanga. Niliangalia ngazi za jirani, nikaangalia nguzo za duka la nafaka, nikaangalia alama ya maji kwenye ukuta wa choo chetu. Ikawa siwezi kwenda kununua maziwa bila kuinua macho. Kila kitu kilionekana kama kina ugonjwa. Kitabu cha namna hiyo kinakupa macho ya kuona tatizo, lakini hakikupi mikono ya kulitengeneza, wala hakikuambii ni tatizo gani litaua na ni lipi litazeeka pamoja na nyumba. Nilijua hilo. Nilianza kuogopa hata hivyo.

Kisha nikapanda nyumbani vilimani, upande wa Bura, kumwona mama.

Nyumba ya mama aliijenga kaka yangu mkubwa. Lazima nimtendee haki: kaka ni fundi wa kweli. Amefanya kazi kwenye mijengo ya Mombasa miaka mingi, ameinua maghorofa ambayo watu wanakaa hadi leo, na aliporudi nyumbani jambo la kwanza alilofanya ni kumtoa mama kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa ikivuja. Hakumwomba mtu yeyote msaada. Mimi mchango wangu ulikuwa chai. Nilichemsha chai ya mafundi, nikaipeleka.

Mahali alipojenga panahitaji maelezo. Shamba letu limekatwa matuta kwenye mteremko, kama mashamba yote ya kule. Tuta la juu, ambalo ni pana, limeshikana na ni kavu mwaka mzima, ndiko alikozikwa babu, na baba yuko hapohapo kando yake. Hapo hapaguswi. Matuta ya kati ni ya mahindi na kabichi, na hakuna mtu mwenye akili anayejenga juu ya udongo unaomlisha. Palibaki kile kibonde cha pembeni, chini ya kilima, ambapo mama alipanda nduma, yale magimbi ya majani mapana, tangu nikiwa mdogo. Nduma hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za asubuhi, na chai. Kaka alipotafuta kiwanja, kila mtu, mama mwenyewe akiwemo, alisema kibonde cha nduma ndicho kisichotupotezea kitu. Mimi nilikuwepo. Sikuulizwa, lakini pia sikusema.

Tuliwapa wafu wetu mahali pakavu, na walio hai tukawapeleka penye nduma. Kila mtoto wa kule anajua nduma inataka nini. Haioti pakavu.

Ninapoandika hivi naogopa kuonekana nimeyajua yote tangu mwanzo. Sikuyajua. Niliyaona safari ile tu, nikiwa nimebeba kijitabu changu kwenye kikapu pamoja na sukari ya mama.

Nilichokiona kwanza ni ufa kwenye ukuta wa sebule, mwembamba kama unywele. Nilisimama mbele yake nikiuangalia mpaka kaka akaniona.

"Injinia amefika," akasema. "Mama, ficha vyombo, tunakaguliwa."

Tulicheka. Alinieleza bila kiburi kwamba plasta ilikauka haraka, ilipigwa wakati wa jua kali, na nyufa kama zile hazina neno. Usiku nilitazama kitabu, nacho kilisema vilevile, pamoja na picha. Kuhusu ufa ule kaka alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. Naandika hivyo kwa sababu yaliyofuata yatamfanya msomaji atake kuniamini zaidi ya ninavyostahili.

Kesho yake nilisaidia kutandika chumba cha mama. Ni chumba cha nyuma, kile kinachogusana na kilima. Nilipovuta mlango haukufunga. Ulikwama juu, kwenye pembe, na chini ukaacha pengo la kidole. Mama akaniambia niuache, huo mlango una tabia yake: jua likiwaka unafunga vizuri, mvua ikinyesha unakataa, naye huuzuia kwa kiatu. Alisema kama mtu anayeeleza ukaidi wa mbuzi.

Halafu akainama pembeni mwa kitanda na kisu cha jikoni. Pale ukuta unapokutana na sakafu palikuwa na chipukizi, jani moja limejikunja, la kijani kibichi, limetoboa simiti. Akalikata, akalitupa dirishani.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Nduma," akasema. "Hazijasikia kwamba tumehamia hapa."

Mama ni mtu wa utani. Nilicheka kwa adabu. Nilipoweka kiganja ukutani, juu ya kitanda chake, palikuwa na ubaridi ambao haukuwa wa kivuli.

Nilimtafuta kaka shambani. Nilikuwa nimepanga maneno laini, lakini yakatoka yale magumu. Nilimwambia asimwache mama alale chumba cha nyuma mvua za vuli zikija. Nilimwambia maji yako nyuma ya ukuta, hayana njia, na siku moja yatajitafutia. Aliendelea kupalilia. Nilidhani hakusikia, nikaanza upya, nikataja kitabu. Hapo akainuka.

"Unataka nyumba hii ianguke?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kujua.

Nilisema hapana. Lakini swali lilishuka nami hadi Voi na likakaa kibandani. Ardhi ile baba aliigawa kwa kinywa chake kabla hajafa, na mimi binti sikutajwa. Najua sheria ya siku hizi inasema vingine, na najua pia kwamba sijawahi kudai. Nilijiambia sijali. Sasa nilikuwa mtu asiye na kipande cha udongo nyumbani kwao, ambaye amekuja na kitabu kusema kwamba nyumba ya aliyepewa itaanguka. Kile kijitabu cha falsafa kilikuwa na sura inayouliza unajuaje unachojua. Nilikaa na sura ile siku nyingi kuliko zote. Je, niliuona ule unyevu kwa sababu ulikuwepo, au niliutafuta? Mtu anayetamani jambo huliona haraka. Mlango uliokwama upo kwenye nyumba nyingi zinazosimama. Chipukizi ni chipukizi. Nilipima upande huu na upande ule, na kila nilipokaribia kujiona mbaya, kiganja changu kilikumbuka ubaridi ule.

Kitu kimoja kilikuwa kimetokea, nami nikashukuru: mama alihamia chumba cha mbele. Kaka ndiye aliyembebea kitanda. Alinikasirikia, hakupokea simu zangu, lakini mama alilala mbele. Nilijiambia hilo latosha. Achukie, mradi mama alale mbele.

Nyumbani lakini hasira kati ya ndugu wa tumbo moja haiachwi hivyo. Sisi ni Wakristo, mama hakosi misa, rozari yake haitoki shingoni. Pamoja na hayo yapo mambo ambayo kwetu yanamalizwa kwa kutasa: mtu anapiga funda la maji, anayapuliza nje kwa midomo, na kwa maneno anatoa kinyongo kilicho moyoni, anaomba mema kwa yule aliyemkasirikia. Kinyongo kisipotolewa hutafuta pa kutua. Ng'ombe wa kaka alizaa ndama mfu. Kisha goti la kaka likavimba bila kuanguka wala kugongwa. Mama hakusema ni kwa sababu yangu. Alinipigia simu, akasema mimi na kaka yangu tuje tukae mbele yake, kuna kitu cha moto kati yetu na yeye amechoka kukipitisha mkononi.

Nilipanda. Tulisimama uani, mbele ya nyumba, asubuhi. Kaka alianza. Alipuliza maji, akasema hana neno nami, akaniombea biashara na miguu yenye afya. Nilimpenda sana wakati ule, na sikuwa nimejiandaa kumpenda.

Zamu yangu ikafika. Maji yalikuwa baridi mdomoni. Niliyapuliza mbele, kuelekea mlangoni, nikasema, "Sina kinyongo na kaka yangu. Sina kinyongo na nyumba hii. Isimame, na aliye ndani yake alale salama."

Nilisema kweli. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa, kwamba kila neno lilikuwa la kweli. Nilitamani isimame. Nilipomaliza niliona kifua kimekuwa chepesi, nikafikiri labda kaka alikuwa na haki, labda ubaridi ule ulikuwa wangu, nilitoka nao Voi.

Tulikunywa chai kwa nduma, nduma za jirani. Kaka alinitania tena, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile ya shambani. Jirani alipopita akauliza hali, kaka akamwambia nyumba sasa iko sawa kabisa, hata injinia ameipitisha. Wakacheka. Nilicheka pia, halafu nikaona mama ananitazama kwa uso uliotulia, uso wa mtu aliyepewa majibu ya daktari.

Nilipokuwa nafunga kikapu changu kushuka, nilisikia kitu kikikwaruza sakafu. Kaka alikuwa anarudisha kitanda cha mama chumba cha nyuma.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema mama analalamika huko mbele kuna kelele za kuku na barabara, na sasa hakuna tena sababu ya kumtesa.

"Sababu ipo, kaka."

"Umesema isimame."

"Niliomba isimame. Sikusema nimeikagua."

Aliweka kitanda chini, taratibu, akanigeukia. "Kwa hivyo ulitasa uongo?"

Katika ile katoni, kijitabu cha kusoma vitabu vya dini kinaanza na jambo dogo tu: kabla hujauliza maneno yana maana gani, uliza ni maneno ya aina gani. Wimbo hausomwi kama sheria, na ombi halisomwi kama habari. Nilikuwa nimelielewa vizuri nikiwa kibandani, hata nikalipigia mstari. Pale mlangoni nilijaribu kulieleza, nikajisikia mwenyewe nikiongea kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Nyumbani neno lililotoka na maji ni neno lililowekwa. Hakuna anayelichambua. Kama ningelirudisha, ningekuwa nimerudisha kinyongo, mbele ya mama, goti la kaka likiwa bado limevimba.

Kaka alisukuma kitanda mpaka ukutani. Siwezi kusema alifanya ubaya. Aliniamini. Alikuwa na shaka yake mwenyewe, naamini hivyo, vinginevyo asingemhamisha mama mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwondolea ile shaka.

Nilishuka Voi. Siku hizo mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu, na nilishukuru kwa kila asubuhi ya joto ambayo watu wengine waliilaani. Niliuza vitabu. Vile vijitabu niliviweka chini ya meza, nikavigeuza migongo. Mama nikimpigia alisema analala vizuri. Nikimwuliza mlango, alisema unafunga. Nikimwuliza nduma, alicheka, akasema zimenyamaza.

Kisha jioni moja upepo ukageuka. Vumbi la sokoni likanyamaza, na kule juu ya vilima kukasimama ukuta wa kijivu, hauendi wala haurudi. Voi hakukunyesha hata tone. Asubuhi mto uliokuwa mchanga mtupu ulikuwa umejaa maji mekundu, na watu wamesimama darajani wakiyapiga picha. Maji yale yalikuwa yametoka kwetu. Niliyaona yamebeba mgomba mzima, na majani mapana yaliyoviringika ambayo sikutaka kuyatambua.

Nilimpigia mama. Akasema mvua ni nzuri, kabichi zimefurahi. Nikamwuliza mlango.

"Nimeweka kiatu," akasema.

Nilifunga kibanda, nikapanda.

Nilifika mchana umeelekea kuisha, mvua imepungua kuwa manyunyu. Kaka alikuwa upande wa mbele akipanga mawe kwenye njia ya ng'ombe. Tulisalimiana vizuri. Niliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Mama alikuwa amekaa kitandani akichambua maharagwe. Pembeni, pale pa siku zote, palikuwa na machipukizi kadhaa, na hakuna aliyekuwa ameyakata. Plasta juu yake ilikuwa imefanya tumbo, laini, kama kitambaa kinachosukumwa na upepo kwa nyuma.

Nilikuwa nimefikiria njiani nitasema nini, nikaona sina neno lililobaki ambalo halikuwa limeshatumika. Kuonya nilionya, ikawa kinyongo. Kuomba niliomba, ikawa cheti. Nilichukua godoro dogo la wageni kutoka sebuleni, nikalileta, nikalitandika sakafuni kati ya kitanda cha mama na ukuta. Nikaweka kikapu changu kichwani mwa godoro, nikavua viatu.

Sikuwa nacheza mchezo. Nataka hilo liaminike, ingawa mimi mwenyewe sina hakika nalo sana. Niliona kwamba ikiwa mimi ndiye niliyeiambia nyumba isimame, basi nilale mahali itakapoangukia. Hiyo ndiyo haki niliyoiona.

Mama aliendelea na maharagwe kidogo. Halafu akaweka ungo chini.

"Wewe hulali hapo."

"Kwa nini, mama? Wewe si unalala?"

"Mimi ni mimi. Toa godoro."

"Nitalala hapa tu, mama. Nimechoka na safari."

Alinitazama. Ule uso uliotulia ulikuwa umeondoka, na uliobaki nilikuwa sijawahi kuuona, au niliuona siku ya maziko ya baba nikausahau.

"Hapo pana maji," akasema. "Hapo mimi nilikuwa nachota. Kabla ya nduma palikuwa na kisima, nikakifukia kwa mawe mlipozaliwa, msije mkatumbukia. Mwanangu, toka hapo."

Nilimwuliza kama kaka anajua. Akasema hapana. Kaka alikuwa bado mtoto wakati huo. Na alipokuja na furaha yake, na simiti yake, na akasema mama nitakujengea, angemwambiaje kwamba hapafai? Mahali pengine hapakuwapo. Mtoto ameleta nyumba, utamwambia airudishe? Yeye ni mzee, akasema, na kisima chake kinamjua.

Alikuwa amekubali kulala pale. Hilo ndilo nililolielewa, na likanitia baridi kuliko ukuta. Hakuwa amedanganywa na maneno yangu hata kidogo. Alikuwa ameyapokea kama sisi tulivyompokea kaka na nyumba yake, kwa heshima.

Nikasema nitatoka hapo akitoka yeye.

Tulibeba kitanda pamoja, mama upande wa miguu, akilalamika kwamba ninainua upande mmoja zaidi. Tulipofika mlangoni kikakwama. Ule mlango ulikuwa umeshuka zaidi, ukasimama nusu wazi, haurudi nyuma wala hauji mbele. Kaka alisikia mkwaruzo, akaja na mikono yenye matope. Aliona kitanda, akaona godoro langu sakafuni, akaona machipukizi na tumbo la plasta. Nilisubiri aniite injinia. Hakuniita.

Aliweka bega kwenye mlango akausukuma mpaka kitanda kikapita. Kisha akarudi ndani peke yake, akaenda kwenye ule ukuta, akaweka kiganja juu yake, pale palepale nilipoweka changu. Mama alimwita kwa jina lake la utoto, mara moja, kwa sauti ya chini. Kaka hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na plasta, kama fundi anayesikiliza kama tofali ni zima.

Alipotoka alijaribu kuufunga mlango nyuma yake. Haukufunga. Aliuacha.

Tulikaa chumba cha mbele, sisi watatu, kuku wakipiga kelele chini ya dirisha. Mvua ilikuwa imeacha kabisa. Nje palikuwa kimya, hata majani hayakuwa yakidondosha tone. Lakini ukinyamaza vizuri ulisikia, nyuma kule, maji yakitembea.